Chungu cha Mgeni: Samaki wa Nazi katika Historia ya Pwani ya Tanga

Historia ya pwani ya Tanga imeandikwa aghalabu kwa majina ya watawala, ya merikebu na ya mashamba makubwa. Hukumbukwa waliojenga misikiti ya mawe, waliopandisha bendera, na waliolaza reli. Waliopika hukumbukwa kwa nadra. Lakini mtu hali bendera, wala njaa haitulizwi na tarehe. Kila zama iliyopita katika pwani hii ilipita na moto uliowashwa jioni, na mafiga matatu, na chungu. Kwa hiyo yafaa chungu nacho kiulizwe habari zake. Kinachoulizwa hapa ni kile cha samaki wa nazi, chakula kilicho chepesi kwa mpishi, kilichokuwa siku nyingi rahisi kwa maskini, na kilichozoeleka hata hudhaniwa kuwa hakina historia.

Watu wa Tanga, Pangani na Mkinga hukihesabu chakula hiki kuwa chao, na wana haki. Lakini haki yao si ya mtu aliyekuta kitu kimeota mlangoni pake. Ni haki ya mtu aliyepokea. Ukichunguzwa mmoja mmoja, karibu kila kitu kilichomo katika chungu hiki kilifika kutoka mahali pengine, na wengi wa waliokila walikuwa wageni kabla ya kuwa wenyeji. Yaelekea kuwa hapo ndipo ilipo thamani yake: samaki wa nazi ni chakula kilichowawezesha watu wasio na mali kukaa ugenini mpaka ugeni ukawatoka.

Kwanza na itazamwe kazi yenyewe. Nazi hupasuliwa, ikakunwa kwa mbuzi, yaani kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno. Nazi iliyokunwa hutiwa maji kidogo, ikakamuliwa katika kifumbu au chujio, likapatikana tui zito liitwalo kasimile. Machicha yaliyosalia hutiwa maji tena na kukamuliwa mara ya pili, hata ya tatu, na tui hilo huwa jepesi. Samaki huwa ameoshwa, akatiwa chumvi na ndimu, akakaangwa au kuchomwa. Tui jepesi hutangulia chunguni pamoja na kitunguu, nyanya, bizari, na ukwaju au embe bichi. Samaki hufuata, na kasimile huja mwisho, moto ukiwa mdogo, na mpishi akikoroga polepole kwa upawa ili tui lisikatike. Mpishi mwenye haraka hupata mafuta upande mmoja na maji upande mwingine.

Urahisi wa chakula hiki ulikuwa na sababu zake. Nazi moja hukamuliwa mara mbili au tatu. Samaki wa bei ndogo, kama kibua, tasi au dagaa, ana mwili mdogo na miiba mingi, lakini mchuzi wake huenea sinia zima. Ng'onda na papa mkavu, ambao chumvi yao ni kali, hulainishwa na tui. Ugali, muhogo na wali, vyakula vikavu vyenye kujaza tumbo bila ya kupendeza ulimi, hupata mafuta na ladha. Hivyo samaki wawili na nazi moja huweza kulisha watu ambao samaki wawili peke yao wasingewatosha. Hiyo ni hesabu ya maskini, na maskini ndiye mtaalamu mkuu wa mapishi katika kila nchi.

Sasa mnazi wenyewe ulitoka wapi? Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi wa chembe za urithi za minazi zaidi ya 1,300 iliyochukuliwa sehemu mbalimbali za dunia. Ulionyesha kuwa minazi ina nasaba kuu mbili, moja ya Bahari ya Hindi na nyingine ya Bahari ya Pasifiki. Tena ukaonyesha kuwa katika Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki nasaba hizo mbili zimechanganyika. Mchanganyiko huo wahitaji maelezo, kwa kuwa Pasifiki haipakani na Tanga. Maelezo waliyoyatoa wachunguzi ni kwamba mabaharia wa visiwa vya Asia ya kusini-mashariki walizichukua nazi hizo katika vyombo vyao walipovuka bahari kuja magharibi.

Safari za mabaharia hao zina ushahidi mwingine. Lugha ya Kimalagasi ina undugu wa karibu na lugha za kusini mwa Borneo, na undugu wa mbali na lugha za Ufilipino. Mmalagasi huiita nazi voanio. Mfilipino asemaye Kitagalogi huiita niyog. Na maneno hayo yana shina moja. Katika visiwa vya Komoro na Madagaska, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata mbegu za mazao ya Asia, ukiwamo mpunga, zilizobaki tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na ngalawa, ambayo hata leo huonekana ikirejea Tongoni na Kigombe na matanga yake ya pembetatu, ina mbao mbili za kandokando zinazoizuia isipinduke; na vyombo vya namna hiyo ni vya kawaida katika visiwa vya Indonesia na Ufilipino.

Basi si ajabu kwamba chakula cha namna moja hupikwa katika ncha mbili za bahari hii. Wafilipino huita tui gata, na samaki aliyepikwa kwa tui wakamwita ginataang isda. Wao hutia tangawizi, pilipili na siki mahali ambapo mpishi wa Tanga hutia bizari na ukwaju. Wao pia huanza na kukuna, wakakamua mara ya kwanza na ya pili, wakayatenga matui mawili. Hata kifaa cha kukunia kimepewa jina la mnyama pande zote mbili: Mswahili hukaa juu ya mbuzi, na Mfilipino hukaa juu ya kabayo, maana yake farasi, neno walilolipata kwa Wahispania. Tui la kwanza huitwa huko kakang gata, na kaka kwa Kitagalogi ni ndugu mkubwa, kama kwa Kiswahili.

Lakini hapa mwanafunzi wa historia hana budi kujizuia. Kufanana si kuzaliana. Neno kaka limepatana kwa sauti tu, na watu wawili wenye nazi moja na njaa moja waweza kuvumbua mapishi mamoja bila ya kuonana. Lililothibitika ni kwamba mbegu ilisafiri, na kwamba watu walisafiri nayo. Lisilothibitika ni kwamba mchuzi ulisafiri pamoja nao ukiwa umekwisha kupikwa. Kwa sababu hiyo hapana haja ya kusema kuwa Mfilipino alimfundisha Mswahili kupika, wala kwamba Mswahili alimfundisha Mfilipino. Inatosha kusema kuwa wote wawili walirithi mti wa safari, na kila mmoja akaupatanisha na samaki wa maji yake.

Maandishi ya kale yana machache ya kusema juu ya chungu, lakini machache hayo yana uzito. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza baada ya Masihi, kinachoeleza safari za biashara za bahari hii, kinasimulia kisiwa kiitwacho Menouthias, ambacho wengine wamekiona kuwa Pemba, ng'ambo ya Tanga. Humo kuna habari ya mitumbwi na vyombo vilivyoshonwa, na watu walioweka vikapu vya kusuka katika njia za maji ili kunasa viumbe vya baharini. Mvuvi ategaye dema leo angeielewa habari hiyo bila ya mkalimani.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331, alieleza kuwa chakula cha watu wake kilikuwa zaidi ndizi na samaki. Hakutaja nazi hapo. Lakini alipotoka Kilwa akaenda Dhofar, kusini mwa Oman, alieleza jinsi tui lilivyopatikana: mwanamke hukaa juu ya kiti, mkononi ana kijiti chenye chuma kichwani, akaikwangua nyama ya nazi, kisha ikalowekwa katika maji hata yakawa kama maziwa kwa rangi na ladha, watu wakayafanya kitoweo. Msafiri yule hakuandika mapishi kwa ajili ya wapishi. Aliandika kwa sababu alikuwa mgeni, na jicho la mgeni ndilo huona kile ambacho mwenyeji amekwisha kuacha kukitazama. Kazi hiyo ingali ikitambulikana katika ua wowote wa Pangani.

Wageni waliofuata walitoka upande mwingine wa dunia. Aprili 1498, merikebu iitwayo São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilikwama katika mafungu mbele ya Mtangata, karibu na Tongoni ya leo. Habari za safari ile zasema kuwa vyombo viwili viliwajia vikiwa na machungwa mazuri. Januari 1499, waliporejea kutoka India, mabaharia wengi walikuwa wamekufa au wanaumwa, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Basi São Rafael ikachomwa moto mahali palepale. Walikaa hapo siku 15, na watu wa mji wakawaletea kuku wengi wa kubadilishana kwa nguo na bangili. Mgeni mwenye mizinga alilishwa kama mgeni yeyote. Malipo ambayo pwani ilipata kwa ukarimu huo yanajulikana, wala hayahitaji kusimuliwa hapa.

Hata hivyo, zama zilizofunguliwa na merikebu hizo ziliingiza vitu vipya katika chungu. Mahindi, muhogo, pilipili na nyanya vyote asili yake ni Amerika. Ufilipino ilivipata vingine katika hivyo kwa merikebu za Kihispania zilizokwenda kati ya Manila na Acapulco kuanzia mwaka 1565 hata 1815. Afrika ya Mashariki ilivipata kwa njia ya mashariki iliyofunguliwa na Wareno na biashara iliyofuata. Kwa hiyo sinia la ugali na samaki wa nazi, ambalo mzee wa Mkinga atalisifu kuwa chakula cha asili, lina mti wa Asia, nafaka ya Amerika, na samaki wa mwamba wa nyumbani. Samaki ndiye mwenyeji peke yake.

Si wote waliokuja waliokuja kwa hiari. Katika karne ya 19, kingo za mto Pangani zilijaa mashamba ya miwa, na minazi ilipandwa kando ya pwani. Kazi ilifanywa kwa wingi na watumwa walioletwa kutoka bara. Watu hao hawakualikwa, wala hawakuagwa kwao. Waliwekwa mbali na shamba la wazazi wao, na mbali na vyakula ambavyo mama zao waliwapikia. Yaliyokuwapo karibu nao ni muhogo, samaki wa mafungu, na nazi iliyoanguka. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Wengi wa wajukuu wa watu hao hawasemi tena lugha za bara, lakini hupika nazi. Jambo hilo laweza kuhesabiwa kuwa hasara na kuwa ushindi pia, na mwanahistoria mwaminifu atayaandika yote mawili.

Kisha ulikuja mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na reli hiyo ikafika Moshi mwaka 1911. Kutoka katika miche ile michache ulienea mkonge uliofunika nchi ya Muheza na Korogwe, na kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilitoa karibu tani 230,000. Mkonge ulitaka mikono mingi kuliko iliyokuwapo pwani. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika la kutafuta wafanyakazi, lijulikanalo kwa jina la SILABU, nalo likaleta watu kutoka Kigoma, Songea, Njombe na nchi za jirani. Watu waliwaita manamba, kwa sababu kila mmoja alitambulikana kwa namba kabla ya kutambulikana kwa jina.

Manamba alipewa posho: unga wa mahindi, maharage na chumvi ndio uliokuwa msingi wake. Posho humfanya mtu aishi. Haimfanyi awe nyumbani. Wengi walikuja bila ya wake zao, wakawa wanaume wanaojipikia wenyewe. Mtu wa Kigoma alikuwa amezoea dagaa wa ziwa na mafuta ya mawese. Mtu wa mwambao wa Nyasa alikuwa amezoea usipa. Mkoani Tanga hapakuwa na mawese ya kwao wala ziwa. Palikuwa na dagaa wa bahari, na palikuwa na nazi. Kwa mtu wa Kigoma badiliko hilo halikuwa geni kabisa, maana mchikichi na mnazi ni jamaa moja ya miti, na mafuta ya mti mmoja yaliweza kushika mahali pa mafuta ya mwingine. Lililohitajika ni mtu wa kumwonyesha kwamba kasimile hutiwa mwisho.

Nani alimwonyesha? Hapa ndipo mapishi yanapokuwa historia ya watu. Maarifa ya nazi yalikuwa mikononi mwa wanawake wa pwani: Wadigo, Wasegeju, Wabondei na wengineo. Hayakuandikwa, yalitazamwa na kuigwa. Mgeni aliyetaka kuyapata alikuwa hana budi kuingia uani kwa heshima, kusema Kiswahili, kumwita mwenye nyumba mama au shangazi, na kujifunza adabu ya kula sinia moja na wenzake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Manamba alipewa kisu cha kukatia mkonge siku ya kwanza. Lakini wale ambao muda wao ulikwisha na wasirudi kwao, waliooa, waliopata kiwanja Korogwe, Muheza au Tanga mjini, hawakufanywa wenyeji kwa kisu. Namba haikuwafanya watu wa Tanga, wala reli haikuwafanya. Walifanywa na lugha, na ndoa, na chungu.

Ni kweli kwamba yaweza kusemwa kuwa njaa ndiyo iliyowalazimisha, na kwamba kusifu chungu ni kusahau ukali wa kambi. Hoja hiyo ina haki yake. Samaki wa nazi hakumpunguzia mkata mkonge urefu wa siku wala kumwongezea mshahara. Lakini mtu mwenye dhiki huchagua pia, ijapokuwa machaguo yake ni machache. Na jambo alilolichagua katika machache hayo laweza kumweleza kuliko daftari la mwajiri wake.

Siku hizi njia ya mgeni imegeuka. Baada ya mwaka 1970 watu wengi wenye asili ya Unguja na pwani walihamia Oman, na wengine wamekwenda Ulaya na Amerika kutafuta elimu au kazi. Salala, katika Dhofar ileile ya Ibn Battuta, minazi ingaliko. Lakini aliyetoka Ngamiani akakaa London au Toronto hana mbuzi wala kifumbu. Hutafuta samaki wa bei ndogo wa barafu, akafungua kopo la tui. Ufilipino ni miongoni mwa nchi zitoazo nazi nyingi kabisa duniani. Kopo hilo laweza kuwa limetoka huko, na katika jengo hilohilo baharia au muuguzi wa Kifilipino aweza kuwa anapika mchuzi wa namna moja kwa sababu moja. Hawa wawili ni warithi wa bahari moja, wakutanao kwa harufu kabla ya kukutana kwa majina.

Lakini nyumbani kwenyewe chungu kina hatari. Ugonjwa unaoifisha minazi umeharibu mashamba mengi ya pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960, na mpango wa taifa wa kuendeleza minazi, ulioanzishwa karibu na mwaka 1980, ulifanya kazi ya kutafuta mbegu zenye kustahimili. Uvuvi wa baruti, ambao sheria imeukataza kwa miaka mingi, ulivunja miamba ya Tanga ambako changu na tasi huzaliana. Mwaka 1994 ulianza mpango wa kuhifadhi pwani ya Tanga ambao vijiji vyenyewe vilishirikishwa kufunga baadhi ya miamba ili samaki wapate kupumzika. Kazi hizo huhesabiwa kuwa kazi za kilimo na uvuvi, na ndivyo zilivyo. Zaidi ya hayo, ni kazi za kulinda mlango.

Kwa maana nazi ikiwa ghali na samaki akiwa adimu, matajiri hawatakosa samaki wa nazi. Watampata katika hoteli, juu ya meza yenye kitambaa. Atakayekosa ni mgeni wa leo: kijana aliyeshuka katika basi na mfuko mmoja, anayetafuta kazi bandarini au sokoni, na anayejua kupika ugali tu. Kwa karne nyingi pwani hii haikuwauliza watu kama yeye walikotoka kabla ya kuwapa nafasi sinia moja na wenyeji. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu mti ulikuwa karibu, bahari ilikuwa karibu, na bei ilikuwa ndogo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Na mwenyeji wa Tanga, akikumbuka vyema, atakuta kuwa babu yake ndiye aliyekuwa mgeni, na kwamba aliponywa kwa nazi moja na samaki wawili.